Debe la Vyura

Miss Harland, mkuu wa chuo, alipouliza ni mnyama gani angepatikana kwa urahisi, Chepkoech alikuwa ameshika sinia la chai, na alitamani swali lile aulizwe mtu mwingine. Lakini wageni wawili wa misheni waliokaa mbele ya meza hawakuwa wenyeji wa pale, na Miss alikuwa amegeuza kiti kumtazama yeye.

Chuo kile cha walimu kilikuwa upande wa Plateau, nje ya Eldoret, mji ambao wazee waliendelea kuuita Sisibo. Mwaka huo wa 1953 kilikuwa kimepewa ruhusa ya kuanzisha darasa la vijana wachache ambao wangejaribu kuingia Makerere, na vijana hao walihitaji kufundishwa biolojia ya mwanzo. Pesa za mwalimu wa kudumu hazikuwepo. Alitafutwa mtu wa kuja alasiri mbili kwa wiki, na kwa kuwa mshahara ulikuwa mdogo, angepewa pia nyumba ya mabati iliyokuwa nyuma ya shamba la mboga. Waombaji walikuwa wamebaki wawili. Kesho yake kila mmoja angempasua mnyama mbele ya wanafunzi na kueleza yaliyomo ndani, kisha Miss na wageni wake wangechagua.

"Wewe unazunguka huko nje kila siku," Miss alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno mahali pake. "Tutapata nini? Panya?"

Chepkoech alijua panya walikokuwa. Walijaa katika stoo ya mahindi, na siku hizi hata mchana hawakukimbia mtu. Kufagia stoo na kuziba matundu ilikuwa kazi yake, naye alikuwa ameiacha tangu mvua zianze, kwa sababu mle ndani mlikuwa na giza na panya walimpita juu ya miguu. Wiki iliyopita Kavetsa, mpishi, alikuwa ameinua gunia lililotafunwa pembeni akamwambia kwamba Miss akiliona kuna mtu atarudi kwao, na mtu huyo hataitwa Kavetsa.

"Panya hakuna, Miss," Chepkoech alisema huku akiangalia sinia. "Vyura wako. Pale mtoni."

Miss alisema vyura ni wazuri zaidi, akaandika, akarudi kwenye Kiingereza chake na wageni.

Hata kabla hajafika jikoni Chepkoech alikuwa amekumbuka. Mmoja wa wale waombaji wawili alikuwa Joseph Kipkemboi, aliyemfundisha kusoma katika shule ya shamba la Kaburu mmoja, kabla baba yake hajafa naye akaachia masomo darasa la nne. Kipkemboi alikuwa wa ukoo wao, na mnyama wa ukoo wao alikuwa chura. Kwao kila ukoo ulikuwa na mnyama wake. Wengine tembo, wengine nyuki, wengine simba, na mtu hakumuua mnyama wa ukoo wake. Chura alipoingia nyumbani wakati wa mvua, nyanya yake Chepkoech alikuwa akimsukuma nje polepole kwa ufagio, akimwambia pole kama anayemsindikiza mgeni.

Alirudi hadi kwenye mlango wa ofisi, akasimama. Ndani walikuwa wanacheka kitu. Kugonga, kuingia, kungoja wote watatu wanyamaze wamwangalie, kisha kusema kwamba alikosea kuhusu panya: aliliona jambo hilo lote mbele yake, na mkono haukuinuka. Alijiambia kwamba Mwalimu Kipkemboi amebatizwa na amesoma mpaka mahali ambapo chura ni chura tu. Jioni hiyo alifunga sketi magotini akashuka mtoni. Aliwashika vyura wawili, wakatulia kwenye viganja vyake bila kuhangaika, kama wanaomfahamu. Kushika si kuua, alijiambia njiani, na alijiambia hivyo mpaka akafika.

Siku ya pili darasa lilijaa. Aliyeanza alikuwa Wanyonyi, msaidizi wa dispensari ya jirani, kijana mchangamfu mwenye viatu vilivyong'aa. Alimtia chura wake kwenye chupa yenye dawa ya usingizi, akamlaza juu ya ubao, akawaambia wanafunzi kwamba mzee huyu hajasema amekula nini jana, basi wamtazame tumboni wajionee. Walicheka. Alikata haraka, akataja viungo haraka, na alipoulizwa swali moja kuhusu mapafu akajibu la pili ambalo hakuulizwa.

Kisha ikawa zamu ya Kipkemboi. Alikuwa mtu mrefu, kola ya shati lake imegeuzwa ikashonwa tena. Aliinua kitambaa kwenye bakuli akamwona chura. Chepkoech, aliyekuwa nje ya dirisha na ndoo ya maji ya kunawa, alimwona akikirudisha kitambaa na kukifunua tena, kana kwamba mara ya pili pangekuwa na kitu kingine. Mmoja wa wageni alitazama saa yake. Asubuhi ile ile mgeni huyo alikuwa amewauliza waombaji wote wawili kama wameacha mambo ya kale, na wote wawili walikuwa wamejibu kwamba wameyaacha.

Kipkemboi aliinua macho, akamwona Chepkoech dirishani. Hakukunja uso. Alimtazama tu, kisha akamchukua chura kwa mkono wa kulia, akamtia kwenye chupa.

Lilikuwa somo ambalo wanafunzi walilizungumza kwa muda mrefu. Hakuharakisha. Alipofungua kifua aliweka kisu chini, akawaita waje karibu.

"Moyo bado unapiga," alisema kwa sauti ya chini. "Tuusubiri kwanza."

Wakausubiri, vichwa vyao vimekutana juu ya ubao, hakuna aliyecheka. Nje ya dirisha Chepkoech hakuuona moyo wenyewe. Aliuona uso wa Kipkemboi, na hiyo ilitosha.

Kabla ya saa ya chai walikuwa wamemchagua. Angefundisha kwa majaribio hadi mwisho wa muhula. Angethibitishwa baada ya somo moja kubwa ambalo kila mwanafunzi angempasua mnyama wake mwenyewe, mwalimu akianza. Nyumba ya mabati ingemngoja. Wanyonyi alimshika mkono, akamwambia kwa utani kwamba akichoka ajue kuna mtu dispensari hana kazi Jumanne na Alhamisi.

Kipkemboi alikuja nyuma ya jikoni kunawa. Chepkoech alimmwagia maji. Alinawa kwa sabuni, akanyoosha tena mikono, akamwagiwa, akanyoosha tena, mpaka ndoo ikaisha.

"Niongeze mengine, Mwalimu?" Chepkoech aliuliza.

"Hapana. Yametosha."

Alitaka kumwambia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mimi ndiye niliyewataja, mimi ndiye niliyewashika. Kipkemboi akafuta mikono kwenye suruali, akamuuliza kama bado anasoma hata gazeti, akaondoka kabla ya kujibiwa.

Wiki zilizofuata alikuja kila Jumanne na Alhamisi, akitembea kutoka shamba la Kaburu, akafundisha kwa chaki na majani na mbegu. Chepkoech alimpelekea chai kabla ya somo. Jambo moja lilianza kumsumbua: Kipkemboi alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Kwao mtoto mdogo hupigwa kofi kwa kufanya hivyo, na huyu alikuwa mtu aliyewafundisha watoto wa shamba zima adabu ya kupokea. Kavetsa naye aliliona.

"Mwalimu amekuwa Mzungu siku hizi," Kavetsa alisema akikata kabichi, siku moja Kipkemboi alipokuja kunywa chai jikoni. "Mkono wowote ni mkono."

Kipkemboi alitabasamu kidogo. Kavetsa alipotoka kuchota maji, Kipkemboi aliangalia kikombe chake akaanza kuongea, si kama anayemlaumu mtu. Alisema vijana wa darasani wana ndugu kule shambani, na habari ya chura ilimfikia mama yake kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Mama yake hakupiga kelele. Alimuuliza tu ni mkono gani ulioshika kisu. Alipomwonyesha, aliondoa kibuyu cha maziwa upande ule akampa upande mwingine, na tangu siku hiyo hakumpa kitu chochote katika mkono wa kulia.

"Basi nimezoea," alisema. "Hata chaki karibu niishike kwa huu."

"Na nyumba?" Chepkoech aliuliza, na alishangaa kusikia sauti yake.

"Anasema hawezi kulala ndani ya nyumba iliyonunuliwa na chura."

Chepkoech alijua maana yake. Kaburu alikuwa ameifunga shule, na mtu asiye na kazi shambani kwake alitakiwa awe ameondoka mahindi yakishavunwa. Mama yake Kipkemboi alikuwa mzee, mume wake alizikwa palepale, mbuzi wake wote walikuwa wameshauzwa. Ilikuwa nyumba ya mabati, au hapakuwa na nyumba.

Usiku wa siku ile na siku zilizofuata Chepkoech alikula kidogo. Kavetsa, ambaye alimwekea ukoko wa ugali kila siku kwa sababu alijua anaupenda, alimuuliza kama ana mimba. Alisema hapana. Kavetsa akasema basi ale, maana aibu haishibishi mtu. Hakujua amesema kweli kiasi gani.

Muhula ulipokaribia kwisha, Miss alimwita Chepkoech akampa debe. Lile somo kubwa lilikuwa Alhamisi. Alitaka vyura wa kumtosha kila mwanafunzi, na wengine wa akiba.

Chepkoech alishuka mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na vyura walikuwa kila mahali, kwenye matope, kwenye majani, mmoja hata juu ya jiwe alilolikanyaga. Aliketi kando ya maji na debe mapajani. Akilini alimwona Kipkemboi akisimama mbele ya darasa na kulichungulia debe hilo. Alimwona akianza, kwa sababu angeanza. Mtu aliyekwisha kuvuka mto hasimamishwi na umande. Halafu vijana wote wangefuata, na kati ya vijana wale, wawili walikuwa wa ukoo ule ule, nao wangefanya nini wakiona mwalimu wao anakata?

Alipanda na debe tupu.

"Wamekwisha, Miss," alisema mlangoni mwa ofisi.

Miss Harland alimtazama. Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka bondeni sauti ya vyura ilikuwa inakuja kwa nguvu, mmoja akianza, mamia wakiitikia.

"Na hao wanaolia ni nani?" Miss aliuliza.

Miss alichukua mwavuli wake, akavaa viatu vya mpira, akamwambia waende pamoja. Walishuka hadi mtoni. Ukingoni vyura walinyamaza kwa kuwasikia, kisha mmoja akaanza tena, na wote wakaanza.

"Sasa nieleze," Miss alisema.

Chepkoech alilishika debe kifuani kwa mikono miwili. Alipofungua mdomo yalitoka yote pamoja, bila mpango.

"Chura ni wa ukoo wetu, Miss. Wangu na wa Mwalimu Kipkemboi. Hatuwaui. Nilijua siku ile uliponiuliza. Niliogopa kusema kwa sababu ya panya."

"Panya gani?"

"Wa stoo. Wako wengi sana. Niliacha kufagia."

Miss alionekana kuliweka jambo moja upande huu na lingine upande ule.

"Mwalimu Kipkemboi aliulizwa kama ameyaacha mambo hayo," alisema mwishowe. "Alisema ameyaacha. Kumbe hakutuambia ukweli."

Hapo ndipo Chepkoech alipoelewa alichofanya. Alikuwa amekuja kumwokoa mtu, na sasa alikuwa amemshtaki. Alisema hapana, kwamba Mwalimu hakumtuma, kwamba Mwalimu hajui lolote. Miss alikuwa ameshageuka kupanda mlima.

Alhamisi asubuhi Kipkemboi aliitwa ofisini. Chepkoech alichukua kitambaa akaenda kufuta dirisha la ofisi kwa nje, dirisha alilokuwa amelifuta jana. Hakuna aliyemfukuza. Alisikia Miss akiuliza kwa utaratibu, kisha akasikia sauti ile iliyomfundisha herufi.

"Nilimkata yule chura kwa sababu nilitaka nyumba," Kipkemboi alisema. "Siwezi kumkata mwingine. Nitawafundisha wanafunzi kila kilicho ndani yake, nitakichora ubaoni mpaka wakijue, lakini kisu hapana. Kama kazi yenyewe ni hiyo, Wanyonyi yuko."

"Unaamini chura ni ndugu yako?"

"Mama yangu ananipa maziwa katika mkono wa kushoto, Miss. Mimi naamini hilo."

Kiti kililia. Chepkoech aliacha kufuta.

"Na panya?" Miss aliuliza.

"Panya si wa kwetu."

Miss alitoka na funguo za akiba. Stoo ilifunguliwa mbele ya Kavetsa, na mwanga ulipoingia sakafu nzima ilitikisika. Magunia ya mbegu yalikuwa yametobolewa chini, mahindi yamebaki makapi. Mitego iliwekwa mchana huo, na somo likahamishiwa Jumanne iliyofuata. Kipkemboi alilifundisha, akianza yeye, na akathibitishwa kazini.

Kavetsa alinyang'anywa funguo za stoo alizozishika tangu chuo kianze. Hakumpiga Chepkoech wala kumtukana. Alimwambia tu jikoni, mbele ya wote, "Kumbe mdomo unao. Ulikuwa umeuficha wapi siku zote hizi?" Tangu hapo ukoko wa ugali aliwapa kuku. Chepkoech mwenyewe hakufukuzwa. Aliondolewa ndani, akapewa kazi ya kubeba kuni kutoka msitu wa miwati.

Aliona hiyo ni haki. Kilichomuuma kilikuwa kitu kingine. Baada ya lile somo la panya alikuwa amekutana na Kipkemboi njiani, akiwa na mzigo kichwani, akasimama pembeni akijitayarisha kuomba msamaha. Kipkemboi alikuwa amesimama pia.

"Chepkoech, ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Kabla ya Miss. Hata kabla ya chura wa kwanza."

Hakusema kwa hasira. Alimsaidia hata kuuweka sawa mzigo uliokuwa ukiegemea, kisha akaenda zake darasani.

Mahindi yalipovunwa, mama yake Kipkemboi alikuja. Alifika na mwana wake kwa miguu, kuku watatu kwenye kikapu, vibuyu vyake vya maziwa vimefungwa kwa kamba mgongoni. Alikuwa amekubali nyumba. Chepkoech hakujua Kipkemboi alimweleza nini. Alisikia tu kwamba mzee alisema kama waliokatwa sasa ni panya na si vyura, basi atajaribu kulala usiku mmoja aone.

Kesho yake Chepkoech alipita nyuma ya shamba la mboga na kuni zake. Yule mzee alikuwa ameketi kwenye kizingiti, Kipkemboi amesimama kando yake. Chepkoech alimsalimia akiita Kogo, kama wanavyomwita nyanya kwao, akataka kupita.

"Weka kuni chini," Kogo alisema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Chepkoech alimtaja baba yake. Kogo alimfahamu, aliyasema mema aliyoyajua juu yake, si mengi. Huku akiongea alikuwa akitikisa kibuyu, akamimina mursik, maziwa yaliyochachushwa kibuyuni, katika kikombe, yakatoka mazito yenye rangi ya majivu. Alimpa mwana wake kwanza. Kipkemboi alinyoosha mkono wa kushoto bila kuambiwa.

Chepkoech aliuona, akatazama chini. Alikuwa amefikiri labda sasa yamekwisha.

"Nasikia wale vyura uliwashika wewe," Kogo alisema. "Mkono gani?"

"Yote miwili, Kogo."

Kogo aliitazama mikono ile. Ilikuwa imepasuka kwa maganda ya miwati, na weusi wake haukutoka tena kwa maji. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji kuona, kisha akamimina kikombe cha pili. Chepkoech hakuthubutu kuinua mkono wowote.

"Sasa nikupeje?" Kogo aliuliza, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kitu. Akafikiri. "Iweke nyuma. Njoo karibu. Fungua mdomo."

Chepkoech alipiga magoti mbele ya kizingiti, mikono nyuma, na Kogo akamshikilia kikombe midomoni kama anavyonyweshwa mtoto. Maziwa yalikuwa makali na baridi. Mengine yalimtoka pembeni yakashuka kidevuni, naye hakuwa na mkono wa kuyapangusa. Kipkemboi alikuwa ameangalia upande wa shamba la mboga. Kogo hakuondoa kikombe mpaka kikaisha.